Mashine zaripoti, watunzaji wa programu huria waelemewa

Karani wa kiwanda cha kahawa Embu anapotuma hesabu kwa kompyuta, au mwanafunzi wa Meru anapotazama video kwenye simu, ni nadra kukumbuka kwamba kazi hiyo hupitia programu zinazotunzwa na watu wachache, wengi wao bila malipo. Hizi ni programu huria, ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha. Ushahidi, iliyoundwa na Wakenya wakati wa ghasia za 2008, ni mojawapo.

Watunzaji hao sasa wanalalama, na wana haki. Tangu 2016 Google imeendesha mradi wa OSS-Fuzz, ambapo kompyuta huilisha programu data ya ovyo usiku na mchana hadi ianguke. Ikianguka, ripoti hutumwa bila mkono wa mtu, na mtunzaji hupewa siku 90 kabla ya dosari kuanikwa hadharani. Mradi huo umefichua dosari nyingi za kweli. Hilo halina ubishi. Lakini ripoti haiji na dawa. Mtu aliyetoka kazini jioni ndiye hurudia jaribio, akabaini iwapo kosa ni la programu au la mashine iliyoijaribu, kisha akatafuta tiba.

Mwaka 2025 watunzaji wa FFmpeg walinung'unika pale akili bandia ya Google ilipoibua dosari katika sehemu inayosoma video za mchezo wa kompyuta wa 1995. Januari 2026, Daniel Stenberg wa Uswidi, mwanzilishi wa curl, alitangaza kufuta zawadi za waripoti dosari baada ya kuchoshwa na ripoti za uongo zilizoandikwa na akili bandia.

Uchovu huu ni hatari kwetu sote. Mtunzaji wa XZ, aliyekuwa amelemewa, alimwamini msaidizi ambaye alipenyeza mlango wa siri uliogunduliwa Machi 2024.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na kile cha Embu vinafunza kompyuta. Wanafunzi wao wangeweza kuchambua ripoti hizo chini ya wahadhiri na kupeleka marekebisho. Tahadhari iwepo: mwaka 2020 shindano la Hacktoberfest liliahidi fulana, watunzaji wakafurikwa na marekebisho ya upuzi hadi waandaaji wakabadili masharti mwezi ukiwa mchanga. Alama, basi, zitolewe kwa rekebisho lililokubaliwa na mtunzaji mwenyewe.