Hisabati, Fedha na Chuo cha Kuchagua



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, wazazi wetu wa Chome huwa na swali moja: mtoto ana alama njema za Hisabati, naye ataka kazi ya fedha, je, aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akasome Hisabati yenyewe, au aende Chuo cha Usimamizi wa Fedha, yaani IFM, apate kazi upesi? Swali hili si dogo, maana huenda ng'ombe akauzwa kwa ajili yake. Basi yafaa lijibiwe kwa hoja, si kwa sifa ya jina la chuo.

Kwanza, tutazame yanayofundishwa. Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961, humfundisha mwanafunzi wa Hisabati kuthibitisha: haambiwi kanuni tu, bali huulizwa kwa nini kanuni hiyo ni kweli. IFM, iliyoundwa mwaka 1972, hufundisha benki, bima, uhasibu na kodi, mambo atakayoyakuta ofisini siku ya kwanza. Tena iko njia ya katikati, nayo ni elimu ya hesabu za bima na pensheni, ambayo hufundishwa katika vyuo vyote viwili.

Pili, tutazame lipi laweza kungoja. Uhasibu waweza kusomwa baadaye, na hata mwenye shahada yake hana budi kufaulu mitihani ya NBAA ndipo apate cheo cha CPA. Lakini Hisabati nzito ni vigumu kuianza mtu akiwa na mke, watoto na kazi. Kwa hiyo mtoto aipendaye kweli na aanze na lililo gumu. Ama yule asiyeipenda, IFM yamfaa, au Chuo cha Uhasibu Arusha kilicho karibu zaidi na Same, wala si aibu.

Tatu, iko khofu ya riba, nayo ni khofu ya haki. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake. Hili lisimzuie kijana elimu, bali limwongoze katika kuchagua kazi. Tangu mwaka 2011 iko Amana Bank, ifanyayo kazi bila riba. Na iko kazi ya ukaguzi wa hesabu, na ya takwimu. Tena wenye kushirikiana faida na hasara wahitaji hesabu kuliko mkopeshaji wa riba, ambaye faida yake aijua tangu mwanzo. Na wazazi waliouogopa mkopo wa Bodi ya Mikopo wajue kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.

Basi mzazi atamjuaje mtoto wake? Na ampe mas'ala ya mirathi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa mas'ala hayo. Mtu amekufa, ameacha mke, mwana wa kiume mmoja na binti mmoja. Mke hupata thumni, na kinachobaki mwana hupata maradufu ya binti. Mali hugawanywa mafungu 24: mke 3, mwana 14, binti 7.

Mtoto akitoa jibu tu, amehesabu vema. Lakini akieleza kwa nini ni 24, kwamba mafungu 7 yaliyobaki katika 8 hayagawanyiki kwa 3, ndiyo maana 8 huzidishwa kwa 3, na akafurahi kueleza, huyo na apelekwe kwenye Hisabati, awe wa kiume au wa kike.

Wabillahi tawfiq.