Swali Kwanza, Karatasi Baadaye

Asubuhi moja nilikuwa Feri, katika soko la samaki la Kivukoni, nikingoja kelele za mnada zipungue ili ninunue kitoweo changu kwa amani. Karibu nami alisimama kijana mwenye kitambulisho cha chuo kifuani na rundo la karatasi mkononi. Alikuwa anamhoji mama mmoja mchuuzi aliyeweka ndoo mbili mbele yake.

"Mama, unaridhika na mazingira ya biashara? Sana, kiasi, kidogo, au huridhiki kabisa?"

Yule mama alimtazama, akazitazama ndoo zake, akamjibu bila hasira: "Andika lolote litakalokusaidia, mwanangu. Mimi samaki wangu wanaharibika."

Kijana akatia alama ya vema mahali fulani, akashukuru, akaenda kwa mchuuzi wa pili.

Mimi nilibaki. Nikamwuliza mama yule samaki wanaharibikaje. "Mzee wangu," akasema, "nanunua hapa, napeleka Mbagala. Barafu naweka ileile, safari ni ileile. Siku nyingine wanafika wazima, siku nyingine macho yameshazama kabla sijafungua ndoo. Hilo ndilo nataka mtu aniambie."

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali. Lilikuwa hatua moja kutoka kwa mtafiti, limetamkwa kwa Kiswahili fasaha, naye akalipita kwa sababu halikuwemo katika dodoso lake.

Simlaumu kijana. Ninawalaumu waliomtuma, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nimekuwa mkufunzi, kisha mkuu wa chuo cha ualimu, na ripoti za utafiti nilizozisoma na kuzitia saini zingejaza chumba. Nasema bila kumung'unya maneno: nyingi kati ya hizo hazikuwa utafiti. Zilikuwa fomu zilizojazwa.

Hebu tazama jinsi zinavyotengenezwa. Kwanza hutafutwa kichwa cha habari, aghalabu kinachoanza na "Tathmini ya mchango wa". Kisha huazimwa dodoso la mtu aliyetangulia. Ndipo hutafutwa watu 60 wa kulijaza, yaani wale waliokubali kusimama. Majibu hugeuzwa kuwa asilimia, asilimia huchorwa duara lenye vipande vya rangi, na mwisho huja mapendekezo: serikali iongeze fedha, wazazi waelimishwe, semina zifanyike. Mapendekezo hayo yangeweza kuandikwa siku ya kwanza, kabla mtu hajatoka nyumbani. Ripoti moja iliyochapwa kwenye kibanda kimoja cha Kariakoo ililetwa mezani kwangu ikiwa bado na jina la wilaya nyingine ndani yake. Aliyeinakili alisahau kulifuta. Nilimkemea kwa kusahau. Ilinipasa nimkemee kwa kunakili, na nijikemee mimi niliyemzoeza kuamini kwamba wilaya haina tofauti.

Kipimo changu cha utafiti sasa ni kimoja. Namwuliza mtafiti: ni jibu gani likipatikana litakufanya ukiri kwamba ulidhani vibaya? Akikosa la kusema, hana swali. Ana karatasi tu.

Kisa kinachonikosesha usingizi ni hiki. Mwanachuo mmoja, binti mpole, alirudi kutoka mazoezi ya kufundisha na jambo lililomsumbua. Watoto wa darasa la kwanza walijumlisha vizuri kwa vizibo vya soda, lakini hesabu ileile ikiandikwa ubaoni walikwama. Alitaka kujua wanakwamia wapi: kwenye alama, kwenye tarakimu, au kwenye lugha ya mwalimu. Nilimwambia kwamba mada hiyo haina vitabu vya rejea. Nikampa nyingine, "Sababu za Utoro". Aliifanya kwa utii, akapata alama ya juu, na hakuna binadamu aliyejifunza lolote. Sababu za utoro tulizijua wote: njaa, umbali, sare na fimbo.

Hapo ndipo namkumbuka Erasto Mpemba, Mtanzania wa rika langu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa na habari hiyo, na waliitumia katika kazi yao. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Siku moja alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Kijana akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, yakiwekwa katika jokofu, kwa nini ya moto yanatangulia kuganda? Osborne hakucheka. Alisema atajaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la walimu wa fizikia huko Uingereza.

Ipo sehemu ya kisa hiki ambayo ningependa ibandikwe katika ofisi ya kila mkufunzi. Osborne alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu jambo lile. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Huyo ndiye sisi. Tunalo jibu mfukoni, na tunakwenda sokoni kulitafutia mashahidi.

Utasikia mtu akisema kwamba Mpemba alikosea. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hutangulia kupoa hadi nyuzi sifuri. Walionyesha pia kwamba kukisogeza kipimajoto juu au chini kiasi kidogo tu kunatosha kuleta tofauti isiyokuwepo. Wengine bado wanabishana nao, maana hata neno "kuganda" lina utata: ni kufika nyuzi sifuri, ni kuanza kwa barafu, au ni kuwa jiwe lote? Mimi nasema hiyo ndiyo sifa yake. Swali lililoulizwa vizuri hata likijibiwa "hapana" limetufunza kupima. Dodoso la yule kijana haliwezi kujibiwa "hapana" na mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye ndoo za yule mama. Ukilianza swali lake, lenyewe litakupangia kazi. Utachukua samaki wa aina moja, wa chombo kimoja, waliouzwa mnadani saa ileile. Utawagawa ndoo mbili bila kuwachagua. Utabadilisha kitu kimoja tu: kiasi cha barafu kwa mizani, au barafu iliyosagwa badala ya mabonge. Utafanya hivyo siku nyingi, si moja, na atakayekagua macho na mashavu ya samaki Mbagala asiambiwe ndoo ipi ni ipi, asije akaona anachotaka kuona. Kisha utawauliza wavuvi samaki alitoka majini saa ngapi, maana huenda barafu haina kosa na uharibifu ulianzia baharini. Kazi hiyo haihitaji kompyuta wala mfadhili. Inahitaji ndoo, mizani, daftari na unyenyekevu.

Msidhani haya ni ya samaki na barafu tu. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza na wataalamu walioshirikiana nalo waliuliza swali ambalo kila mkutano wa elimu hulijibu kabla halijaulizwa: je, shule ikipewa fedha, watoto watajifunza zaidi? Walichukua shule za msingi 350 katika wilaya 10, wakazigawa kwa bahati nasibu. Nyingine zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa bakshishi kwa watoto watakaofaulu, nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu ili ziwe za kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba fedha peke yake hazikupandisha alama za watoto. Fedha pamoja na bakshishi zilipandisha. Huenda hulipendi jibu hilo. Mimi mwenyewe silipendi lote, maana namjua mwalimu anayefundisha mtihani badala ya mtoto. Lakini lingeweza kutoka vingine, na ndiyo maana lina thamani.

Najua nitakavyojibiwa. Wanachuo ni wengi, muda ni mfupi, wakufunzi wamechoka. Ni kweli. Lakini huo muda mfupi ndio tunaoutumia kujaza karatasi ambazo hazisomwi na mtu! Heri ukurasa mmoja wenye swali kuliko sabini zisizo nalo. Kabla ya kukubaliwa mada, mwanachuo na aandike nusu ukurasa bila neno "tathmini": sijui nini, nani anahitaji kujua, nitalinganisha nini na nini, na jibu gani litanipinga. Akishindwa, arudi darasani au sokoni akasikilize. Mkufunzi naye akishindwa kumsaidia, aseme hajui. Hiyo si aibu. Osborne alisema hivyo mbele ya wanafunzi.

Binti yule wa vizibo atakuwa sasa mwalimu wa makamo, kama hakuiacha kazi. Sijui alipo. Kama kitabu hiki kitamfikia, namwomba radhi, na namwomba jambo moja: vizibo bado vipo, watoto wapo, na ubao upo. Swali lilikuwa lake, si langu kulikataa. Alifanye.