Kabla ya kununua blenda mpya, pitia kwa fundi

Blenda imegoma. Maikrowevu inazunguka lakini chakula kinabaki baridi. Kijana wa Fedha, wazo la kwanza ni kukimbilia supamaketi kununua mpya. Tulia kwanza.

Kwa blenda, ugonjwa huweza kuwa mdogo: fyuzi ya plagi imeungua, au brashi za kaboni kwenye mota zimeisha. Fundi wa mtaani anayajua haya.

Lakini usikubali kazi ya gizani. Aseme bei kabla ya kuanza, akurudishie spea ya zamani, akijaribu kifaa mbele yako, kisha aandike risiti yenye waranti. Akitaka kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi, chukua kifaa chako uende. Huo ni mwaliko wa moto. Akifanya kazi safi naye, mlipe bila kumzungusha. Ufundi ni kazi, si msaada wa jirani.

Na maikrowevu usiifungue mwenyewe eti umeona video. Kapasita yake huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa plagi, na umeme huo unaua.

Kifaa kikikataa kabisa, kisiishie jaa la Dandora. Pale Utawala, huku huku Embakasi, kuna WEEE Centre inayopokea vifaa vibovu vya umeme.

Doo ni ngumu. Tengeneza kwanza, nunua baadaye.