Jiwe Lina Jina

Wako wadaio kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi tu, na kwamba elimu ya miamba haina budi kufundishwa kwa Kiingereza. Dai hilo lavunjwa na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzwa katika karne ya 11. Waashi wake walichonga matumbawe, masalia ya viumbe wadogo wa baharini, mengine wakayachoma. Motoni hewa ya ukaa hutoka, hubaki chokaa. Nayo ikisha kutiwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile ikawa jiwe. Somo zima limesemwa bila kuazima neno la Kiingereza. Kilichopungua si lugha, bali nia. Na mwanafunzi anyimwaye jina la jiwe alikanyagalo hukariri asichokielewa.