Picha Zimeskaniwa, Majina Je?

Likizo ndefu ikifika, wenzetu wa historia na akiolojia wanasambaa kwenda fildi, na baadhi huangukia makumbusho. Mwenzangu wa chumbani alimaliza wiki nane mbele ya skana. Glavu mkononi, weka picha ya zamani, bonyeza, subiri, toa, weka nyingine. Nikamuuliza hao watu kwenye picha ni kina nani. Akacheka: "Mwanangu, pale ni namba tu."

Sipingi kuskani. Picha zinakufa kweli. Negativu za asetati zikikaa kwenye joto na unyevu kama wa Dar huanza kunuka siki na kujikunja, na zikishafika hapo hazirudi. Kwa hiyo faili liwepo, tena faili zito la TIFF, siyo picha iliyopigwa kwa simu na kurushwa WhatsApp.

Ila faili lenyewe halitoshi. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilitoa picha zaidi ya 80,000 zikawekwa Wikimedia Commons, zikiwemo za Walther Dobbertin, aliyepiga picha hapa kwetu enzi za Mjerumani. Yeyote mwenye bando anaziona. Sasa soma maelezo yake: Kijerumani cha wakati ule, na Mwafrika mara nyingi ni "askari" au kabila lake, basi. Hifadhi yenyewe imeweka angalizo kwamba maelezo hayo huenda yana makosa au upendeleo. Ni uungwana, lakini angalizo halimrudishii mtu jina lake.

Kwa picha hizo tumeshachelewa. Za miaka ya 1950 na 1960 bado. Wapo wazee waliokuwa vijana wakati wa Uhuru, wanaomjua yule aliyesimama nyuma ya Mwalimu na yule aliyeshika ngoma. Hao hawaji makumbusho kuulizwa, inabidi wafuatwe, na wenye miguu ni sisi. Kama fildi ni wiki nane, nne ziwe za skana, nne za kutembea na nakala Ilala, Kariakoo, hata Bagamoyo, kukaa barazani na kuuliza: huyu nani, hapa ni wapi, mlikuwa mnamwitaje? Jina la aliyesema liandikwe pamoja na tarehe, maana mzee mwingine atabisha, na ubishi wake nao uandikwe. Familia ikikataa picha ya bibi yao kuwekwa mtandaoni, isiwekwe.

Najua jibu la maofisini: hakuna fungu. Jamani, nauli ya daladala haijawahi kuzidi bei ya skana. Nadhani kinachokosekana ni imani kwamba mwanafunzi anaweza kuandika, siyo kubonyeza tu. (Na wengi wetu daftari la fildi likishasainiwa, hatuna habari tena.)

Mimi ni wa ualimu, fildi yangu ni darasani. Kariakoo imepata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nikilisema hilo wanafunzi wanauliza: wapagazi gani? Picha moja ya mpagazi mwenye jina na kijiji chake ingenitosha kipindi kizima. Sina.

Barua za kuomba fildi ndiyo hizo zinaandikwa. Ukipangiwa makumbusho, kabla hujavaa glavu, uliza maelezo ya picha yanaandikwa na nani.