Vijia vya Mikokoni Viingie Kwenye Ramani

Ramani za hifadhi za Pemba zimejaa mipaka. Upo mpaka wa Msitu wa Ngezi, kule kaskazini-magharibi, msitu usiofika hekta 1,500 lakini ndio mkubwa kuliko misitu yote ya asili iliyobaki kisiwani. Upo mpaka wa Misali, kisiwa kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998. Mwaka 2005 ukapigwa mwengine mrefu zaidi, wa Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, PECCA kwa kifupi, uliochukua pwani ya magharibi tokea Ras Kigomasha kuteremka kusini, na bahari iliyo mbele ya Wete imo ndani yake. Kitu kimoja hukioni katika ramani hizo: vijia.

Vijia ninavyovisema ni vile vinavyoanza nyuma ya nyumba, vikapita migombani na chini ya mikarafuu, vikateremka bondeni penye mpunga, kisha vikaingia mikokoni mpaka kwenye mchanga. Hakuna serikali wala mfadhili aliyevijenga. Vimechorwa na nyayo za wanawake waendao kutafuta chaza na kombe, za wavuvi waendao kwenye ngarawa zao, na tairi za wachuuzi wanaofunga tenga la samaki kwenye keria na kulikimbiza sokoni kabla jua halijawa kali. Toleo hili lina dai moja: vijia hivyo ni sehemu ya hifadhi, na vinastahiki kuandikwa na kulindwa kama miti inavyoandikwa na kulindwa.

Tuanze na suala la nani anaona nini. Boti ya doria huiona mikoko kwa mbele, upande wa bahari, na huko ndiko isimamako mililana mikubwa. Anayetafuta kuni hakati huko. Hukatia nyuma na kati, kwenye mikandaa na mikoko yenye fito zilizonyooka, penye njia ya kutolea mzigo: kuni za jikoni, boriti za nyumba, magogo ya tanuri la chokaa. Mashamba ya chumvi nayo huanzia upande wa nchi kavu. Kwa hivyo mbele panaweza kubaki kijani kibichi miaka mingi, hali ndani pamekuwa uwanja. Picha ya setilaiti itakuja kuonesha, ila itaonesha miti ikiwa imeshakwenda. Anayekiona kisiki kingali kibichi ni aliyepita hapo kwa miguu, na mara nyingi huwa ni mwanamke mwenye ndoo mkononi ambaye hakuna afisa aliyewahi kumuuliza kitu.

Sheria haikumsahau. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, ilifungua mlango wa jamii kuingia mikataba na serikali ya kusimamia misitu iliyo kwao, na shehia kadhaa za Unguja na Pemba zikaingia. Mikataba hiyo ina ramani. Ninachotaka ni ramani hizo zichorwe upya na watu wanaopita, wakionesha wanapita wapi, msimu gani na kwa kazi gani.

Shuka hori ya Wete maji yakiwa yamekupwa uone kwa nini jambo hili lina uzito. Karibu na nchi kavu, penye mchanga mgumu, unakutana na mchu, vimizizi vyake vyembamba vimetoka ardhini wima kutafuta hewa. Mbele kidogo ni mkandaa, mfupi, umesongamana. Tope linapoanza kulainika unaingia kwenye mui, halafu mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi iliyopinda ambayo mtu huikanyaga ili asizame. Mwisho kabisa, mahali ambapo maji hayakawii kurudi, ndipo mlilana ulipo, ambao mafundi wa mashua huyatafuta matawi yake yaliyopinda kwa ajili ya mataruma. Kila mti una kina chake cha maji na tope lake. Mche wa mkoko huota ukiwa bado juu ya mti, kisha hudondoka na kujichoma topeni, na kwa sababu ni rahisi kuukusanya na kuuchomeka, ndio unaopandwa kila pahala siku za sherehe za upandaji miti. Ukipandwa penye mchanga wa mchu au mbele kwenye mawimbi ya mlilana, hufa. Nimeona mistari ya vijiti vikavu iliyogharimu fedha nyingi, na jirani mwenye kupita hapo kila bamvua angeweza kusema mapema kwamba mahali pale hapaoti mkoko.

Bamvua yenyewe ni elimu. Huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwetu tofauti ya maji kujaa na kukupwa siku hizo hufika kiasi cha mita 4. Maji hukupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takribani dakika 50. Wakati wa maji mafu mambo ni mengine, na kijia kilichovukika wiki iliyopita huwa hakivukiki. Mgeni anayeingia mikokoni bila ya kuuliza habari hizi anajitafutia balaa. Vijana wengi wa Jadida, Bopwe na Limbani wamekuwa wageni wa namna hiyo katika mji wao wenyewe, na hilo linanihuzunisha kuliko uhaba wa watalii.

Baiskeli nayo ina nafasi yake. Pemba ni kisiwa cha vilima vifupi vikali na mabonde, na mwenye kuendesha kutoka Wete kwenda Konde ataijua kila kona kwa misuli ya miguu. Kutoka Konde barabara huingia Ngezi, joto hupungua ghafla, na mtu anaweza kusimama asikilize ninga wa Pemba, ndege asiyepatikana popote duniani ila hapa. Ndani mna mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao nao asili yake ni kisiwa hiki. Ukitoka upande wa pili uko Makangale, na mbele yako fukwe za Vumawimbi na mnara wa taa wa Kigomasha. Mwenye gari huumaliza msitu huo kabla hajafungua kioo. Upande wa kusini unaweza kuizunguka hori kupitia Bahanasa na Daya mpaka Mtambwe, na ng'ambo yake ni Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za madini ya fedha, zilizopigwa na watawala wa Kiislamu wa pwani hii karibu miaka elfu moja iliyopita. Mji ule ulisimama katikati ya mikoko hii hii. Barabara za lami zimetuletea heri, sikatai, lakini zinajengwa bila ya nafasi ya baiskeli pembeni, katika kisiwa ambacho baiskeli ndiyo chombo cha mnyonge. Wahandisi waliangalie hilo.

Kama kuna anayeona nafanya ndoto, namkumbusha popo wa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa hata akabaki kidogo sana, na wataalamu walishaanza kumhesabu miongoni mwa wanaotoweka. Karibu miaka ishirini baadaye hesabu ilifika kiasi cha 20,000. Elimu ilisaidia, na wanakijiji wa mahali kama Kidike walisaidia zaidi, kwa kuwa walikubali kuilinda miti wanayolala popo hao na kuwapokea kwa ada ndogo wanaokuja kuwatazama. Ulinzi ule ulifanywa na watu wanaoishi chini ya miti yenyewe.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba nyayo nyingi huharibu. Ni kweli, na nimeshuhudia majani ya bahari yaliyokanyagwa hata yakang'oka. Tope likikanyagwa sana hugandamana, na ndege wanaokuja na kaskazi kutoka mbali hukosa utulivu wa kula. Dawa yake ni utaratibu. Katika Bahari ya Wadden, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2009, Waholanzi huvuka matope kwa miguu maji yanapokupwa, lakini safari ndefu huongozwa na watu wenye kibali. Karibu zaidi na sisi, kina mama wa Gazi, Kwale, wamejenga daraja la mbao ndani ya mikoko yao, wageni hulipa kulipita, na kijiji hicho hicho ndicho chenye Mikoko Pamoja, mradi ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013. Wete haina daraja la namna hiyo. Inaweza kuanza na jambo jepesi zaidi: waongozaji waliochaguliwa na shehia, vijia vichache vilivyowekewa alama, na vingine vilivyoachwa kwa wenyewe. Mahali pa kazi ya wanawake pasiwe pa kupigia picha bila ya ruhusa, na mizimu iachwe kama ilivyo.

Kurasa zinazofuata zimeandikwa na waliokwenda kwa miguu na kwa baiskeli, kuanzia Gando hadi Kojani, na wengine wamevuka mpaka Fundo. Zina ugomvi pia: mwandishi mmoja anaona waongozaji watageuka wakusanyaji wa ada, na nimemwachia aseme yote.

Tanzania imeorodhesha ardhi oevu nne chini ya Mkataba wa Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja ya Zanzibar. Pwani ya magharibi ya Pemba inastahiki kuombewa nafasi hiyo, na ombi litakapoandikwa, naomba waandikaji waanze Wete, siku ya bamvua, saa tatu asubuhi, wakiwa wamevaa viatu vya kuingilia tope na mwenyeji wa kijia akiwa mbele yao.