Tamthilia ziigizwe, zisikaririwe

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Moshi anaweza kujibu swali la Ngoswe bila kuifungua tamthilia yenyewe ya Edwin Semzaba. Kijitabu cha uchambuzi kinamtosha: dhamira, wahusika, ujumbe, basi. Hamwoni Ngoswe, karani wa sensa, anavyotekwa na msichana Mazoea hadi karatasi za serikali zikateketea, wala hacheki. Na kuchekesha, inachekesha kweli.

Tunashauri shule za Marangu, Kibosho na Old Moshi zianzie jukwaani. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inahitaji bwalo la chakula, ngoma na vijana wasioona haya. Tena mwandishi hakudai kuwa ameandika historia halisi ya Vita vya Majimaji, kwa hiyo wabishane. Wapenda riwaya wapewe Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, wakutane na wenzao waliokosa shule kwa sababu ya ada.

Na kisa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, je? Wajerumani walimnyonga Old Moshi mwaka 1900, na mti aliponyongewa huonyeshwa wageni mpaka leo. Walimu wa fasihi wasingoje mtaala. Wawape wanafunzi kisa hicho wakiandike wenyewe, kisha wakiigize mbele ya wazazi siku ya mahafali.